Bata wa Tatu Kutoka Kushoto

Saskatoon, Januari. Baridi ya kupasua meno.
Magari yamechomekwa umeme uwanjani
yasigande damu, nami nimepanga foleni
kati ya watoto wenye suruali za theluji,
mtu mzima wa miaka hamsini na nane, muuza vipuri vya matrekta,
mkononi tiketi moja.

"Mtoto yuko wapi?" aliniuliza mkata tiketi mwaka juzi,
akininyooshea kile kimto kigumu cha kuwainua wadogo.
Nikasema yuko chooni.
Mwaka jana nikasema anakuja na mama yake.
Mwaka huu nimesema kweli: yuko Calgary, ana miaka kumi na tisa,
anasomea meno ya watu, wala hajui kama nipo hapa.
Akaichana tiketi. Kimto akanipa vilevile.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki;
basi mimi nimekohoa Regina, nimekohoa Brandon,
Moose Jaw nilikohoa mara mbili, mchana na usiku,
nikalala moteli yenye harufu ya klorini
kwa ajili ya bata bukini asiyetaka kuhamia kusini.

Ndiyo hadithi yote. Bata anakataa, wenzake wanaondoka,
mto unaganda, mwezi unashuka kumfundisha kuteleza,
kisha wenzake wanarudi.
Halyna, jirani yangu, anasema hiyo si hadithi,
ni taarifa ya hali ya hewa.
Simbishii. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Lakini mimi najua kwamba mwezi ule ulibonyea Winnipeg
ukiteremshwa kwenye lori, wakauziba kwa kitambaa cha fedha,
kulia, chini, kama shavu lenye jino bovu.
Najua bata mama wa kwanza aliimba kwa kifua,
wa pili kwa pua, na huyu wa sasa kwa hasira,
na hasira ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo.
Najua barafu ni shuka nne za nailoni.
Ukikaa safu ya tatu, unasikia kapi za mwezi zikilalamika.

Na nilikujua wewe, Everett Okimaw,
bata wa tatu kutoka kushoto,
jina kijitabuni kwa herufi za sisimizi.
Hukuwahi kuimba peke yako hata ubeti.
Ulikuwa na sentensi moja: "Upepo umegeuka."
Miaka kumi na miwili, na kila ulipousema, uligeuka.

Brandon, mwaka wa kwanza. Larysa ana miaka sita,
amekataa kuvua kofia,
nyumbani tumebaki wawili.
Ukakanyaga bawa lako mwenyewe, ukaenda chini puu!
ukainuka, ukatazama nyuma
kana kwamba kuna aliyekusukuma.
Larysa akacheka mpaka kamasi.
Hakuwa amecheka tangu Novemba.

Mwaka uliofuata ukaanguka tena, palepale,
safari hii ngoma ikaanguka pamoja nawe.
Kosa lilikuwa limeajiriwa.

Leo nimefungua kijitabu, jina lako halimo.
Nimelifuata kwa kidole, mara ya pili, ya tatu,
kama mwanafunzi mbele ya orodha ya waliofaulu.
Bata wa tatu kutoka kushoto ni msichana,
Maren Thiessen.
Nikajiandaa kumchukia, mikono nimekunja kifuani.

Wimbo wa kuhama ukaanza. Mabawa yakafunguka.
"Upepo umegeuka," akasema,
kwa sauti nyembamba kuliko yako,
na hata hivyo ukageuka.
Hatua moja, ya pili, kisigino, mzunguko,
nami nikacheka
kabla hajaanguka.

Peke yangu. Ukumbi mzima kimya.
Halafu puu! na watoto mia tatu wakanifuata.

Mvulana wa kiti cha pili, juu ya kimto chake,
mdomo umejaa bisi, akanigeukia kwa ukali:
"Umejuaje?"

"Ngoja mwezi ushuke," nikamwambia.
"Litazame shavu lake la kulia."
Nikampa na kimto changu, akae juu zaidi.